Kizimba cha Dereva: Chuma Kinachosubiri Siku Moja

Aprili 2017, katika maonyesho ya magari ya New York, kampuni ya Dodge ilizindua Challenger SRT Demon, gari la barabarani lenye nguvu farasi hadi 840. Mtu angeweza kulinunua, kulifunga namba na kwenda nalo sokoni. Kampuni ilitangaza kwamba gari hilo linamaliza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde 9.65, likivuka mstari kwa kasi ya maili 140 kwa saa, sawa na kilomita 225. Sambamba na takwimu hizo ikatangaza kwa fahari kwamba National Hot Rod Association, NHRA, chama kinachosimamia mbio za dragi Marekani, kimelipiga marufuku kushindana jinsi lilivyotoka kiwandani, kwa kuwa halina kizimba. Katazo likageuzwa tangazo la biashara. Mwaka 2023 mambo yakajirudia: Demon 170, nguvu farasi 1,025, sekunde 8.91, na katazo jingine kutoka kwa chama kilekile.

Wengi waliichukulia habari ile kuwa mbwembwe za wauza magari. Kilichonigusa mimi ni kingine. Kampuni yenye maabara, mifuko ya hewa na wahandisi wasiohesabika iliambiwa kwamba gari lake limepungukiwa na mabomba machache ya chuma, na aliyeiambia hivyo alikuwa sahihi. Jaribio rasmi la Marekani la kuligongesha gari ukutani kwa mbele hufanywa kwa kilomita 56 kwa saa. Nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo gari hilohilo likienda kilomita 225 hubeba nishati mara 16 ya ile iliyopimwa. Paa na nguzo za kiwandani hazikubuniwa kwa ajili ya hesabu hiyo.

Kizimba ni mabomba ya chuma yaliyokunjwa na kuchomelewa ndani ya gari, yakimzunguka dereva juu, nyuma, ubavuni na mbele. Uti wake ni tao kuu, bomba moja linalotoka sakafuni upande mmoja, likapanda nyuma ya kichwa cha dereva na kushuka upande wa pili bila kukatwa katikati. Tao hilo likiwa na mihimili ya kulishikilia kwa nyuma na bomba moja la ubavuni, bado halijawa kizimba. Linakuwa kizimba linapoungwa na nguzo za mbele zinazofuata kioo, mabomba ya juu ya milango na yale yanayopita sambamba na mkono wa dereva. Tao humsaidia mtu gari likipinduka mara moja na kutulia. Kizimba ni cha gari linalobiringika, likagonga ukuta wa zege, likabiringika tena.

Kanuni za NHRA huongeza madai kadiri muda unavyopungua. Gari la paa gumu linalokimbia robo maili kati ya sekunde 11.49 na 11.00 hudaiwa tao. Lile la paa la turubai hudaiwa mapema zaidi, tangu sekunde 13.49. Kuanzia 10.99 deni ni kizimba kamili, ingawa gari ambalo sakafu yake na ukuta unaotenganisha injini na dereva havijaguswa huruhusiwa kubaki na tao mpaka sekunde 10.00. Likigusa 9.99, au kasi ya maili 135 kwa saa, mkaguzi aliyeidhinishwa lazima alikague umbo zima na kulibandika stika yenye namba, na ukaguzi huo hurudiwa kila baada ya miaka mitatu. Kwa maili 150 hudaiwa pia parachuti. Kuanzia sekunde 8.49 kushuka, gari huingia katika viwango vya taasisi ya SFI, iliyoanzishwa mwaka 1978, ambavyo huchora bomba kwa bomba kila aina ya gari inavyopaswa kujengwa. Miaka ya karibuni NHRA imeyalegezea magari mapya ya kiwandani, ikiyaacha yakimbie hadi sekunde 9.00 na maili 150 bila kizimba. Demon 170 ilivuka mipaka yote miwili.

Baadhi ya vijana wanaopenda mbio huziona kanuni hizi kuwa urasimu wa wazee waliochoka. Wangezisoma kwa kufuata tarehe. Machi 1970, katika njia ya Lions huko Long Beach, California, giaboksi la gari la dereva Don Garlits lililipuka wakati wa kuondoka. Mlipuko ulikata sehemu ya mbele ya mguu wake wa kulia na kulipasua gari vipande viwili. Siku hizo dereva wa magari yale marefu alikaa nyuma kabisa, injini na giaboksi vikiwa mbele yake na kati ya miguu yake. Garlits akiwa bado anauguza mguu alianza kuchora gari ambalo injini iko nyuma ya dereva, na mwanzoni mwa 1971 akashinda nalo mashindano ya Winternationals kule Pomona. Ndani ya miaka michache mpangilio wa zamani ulikuwa umetoweka katika magari ya aina hiyo. Sehemu kubwa ya kitabu cha kanuni iliandikwa kwa njia hiyo: mtu alivunjika, wenzake wakatafuta ni wapi chuma kilikosekana, wakakiandika.

Tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapo ndipo pesa hupotea na hata uhai.

NHRA hukubali aina mbili. Ya kwanza ni chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo, ambacho mafundi hukiita chuma laini. Ya pili ni kromoli, aloi inayojulikana kwa namba 4130. Tarakimu mbili za mwanzo zinataja familia ya vyuma vyenye kromi na molibdeni, na mbili za mwisho zinaonyesha kiasi cha kaboni, takriban asilimia 0.30. Kwa kizimba cha gari lenye bodi ya kawaida, kipenyo cha nje kisipungue inchi 1 na 5/8, yaani milimita 41.3. Unene wa ukuta wa bomba usipungue inchi 0.118, karibu milimita 3.0, ikiwa ni chuma laini, au inchi 0.083, karibu milimita 2.1, ikiwa ni kromoli. Tao la peke yake hutakiwa kuwa nene zaidi kwa kipenyo, inchi 1 na 3/4, kwa unene uleule wa ukuta. Alumini haipo katika orodha hiyo, wala bomba la pembe nne.

Kromoli ina sifa kubwa gerejini. Ukiitaja, watu hugeuka kukutazama. Nami naiheshimu, lakini nataka tuifanyie hesabu. Mita moja ya bomba la chuma laini la vipimo hivyo ina uzito wa kilo 2.8, na ya kromoli kilo 2.0. Chukua kizimba kilichotumia mita 30 za bomba: tofauti ni kama kilo 24. Waendeshaji wa Marekani hukadiria kwamba kupunguza ratili 100, yaani kilo 45, huokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde katika robo maili. Kwa hiyo kromoli itakupa nusu ya hiyo. Anayepigania fainali akiwa na gari la sekunde 7 anaihitaji nusu hiyo na ana haki ya kuilipia. Mwenye gari la sekunde 10.5, analolitumia pia kwenda kazini, angeipata nusu hiyo kwa kutoa kiti cha nyuma na tairi la akiba.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Vyuma vyote hivi viwili vina ukakamavu karibu sawa. Kinachotofautiana ni nguvu inayohitajika kuvikunja moja kwa moja au kuvikata. Bomba la kromoli lenye kipenyo kilekile na ukuta mwembamba hunesa zaidi chini ya mzigo uleule kuliko la chuma laini lenye ukuta mnene, ingawa litarudi mahali pake hata baada ya mzigo ambao ungelipinda lile jingine lisirudi. Kwa hiyo mtu anayeweka kromoli akidhani gari lake litakuwa kakamavu zaidi anaweza kupata kinyume cha alichokitarajia, asipoongeza mabomba ya mshazari mahali panapofaa.

Na chuma laini nacho si kimoja. Lipo bomba linalotengenezwa kwa kukunja bamba na kulichomelea mshono kwa umeme, kisha likauzwa hivyo hivyo. Lipo jingine ambalo baada ya mshono huo huvutwa likiwa baridi juu ya nondo ya ndani, likatoka na ukuta wenye unene sawa pande zote, uso laini na nguvu zaidi. Hili la pili Marekani hujulikana kwa herufi DOM. Bei yake iko juu, lakini kama ningeulizwa ni wapi pa kutumia shilingi ya ziada, ningejibu hapa kabla ya kuifikiria kromoli.

Sasa bomba la maji. Nalitaja kwa sababu ndilo lililo karibu. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Kariakoo hadi Gikomba kuna bomba la zinki la inchi moja na robo, klasi B. Mabomba ya maji hayaitwi kwa kipenyo cha nje, kwa hiyo ukilipima hilo la inchi moja na robo utakuta nje ni takriban milimita 42 na ukuta unazidi kidogo milimita 3. Kwa kipimo cha kalipa peke yake linafanana na bomba la kizimba! Utaambiwa, "Hii ni klasi B, bosi, haipindi." Aliyelitengeneza aliahidi kwamba halitavuja maji. Hakuahidi litafanya nini likipigwa ubavuni na ukuta wa zege, na halikuvutwa wala kupimwa kwa kazi hiyo. Zinki yake ikichomwa hutoa moshi wa sumu unaomlaza fundi na homa, na hujaza weldi vitundu vya hewa ambavyo rangi huvifunika vizuri. Fundi anayejiheshimu aseme hapana, hata mteja akiwa rafiki yake.

Kuna na mtego wa milimita. Bomba la chuma laini linalouzwa kwa unene wa inchi 0.120 limeizidi kanuni kwa elfu mbili tu za inchi. Bomba likikunjwa, upande wa nje wa kona huvutika na kuwa mwembamba. Mkaguzi hupima kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, na akikuta kona ina 0.115, kizimba kimeanguka, na stakabadhi ya dukani haitasaidia kitu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa vizimba vya chuma laini hutumia bomba la inchi 0.134. Namba iliyo kitabuni ni sakafu ya mwisho. Anayeijengea juu yake hasa, bila nafasi ya kosa, ameshajenga kosa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mtego mwingine wa vipimo, na huu unatokana na jambo zuri. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 2021 imerejea katika kalenda ya ubingwa wa dunia, makao yake yakiwa Naivasha. Magari ya rali hufuata kanuni za shirikisho la kimataifa la magari, FIA, ambalo kifungu chake cha 253 kinataka tao kuu liwe la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Bomba lenyewe liwe la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye uwezo wa kuhimili kuvutwa kwa megapaskali 350 au zaidi. Fundi aliyezoea kujenga kwa rali anajua kazi. Lakini kizimba chake cha ukuta wa milimita 2.5 hakitapita mbele ya mkaguzi wa NHRA anayetaka milimita 3.0 kwa chuma laini. Nacho kizimba cha dragi kilichojengwa kwa bomba lenye mshono hakitapita mbele ya mkaguzi wa FIA. Vyote vinaweza kuwa salama mahali pake. Kabla bomba la kwanza halijakatwa, mwenye gari aamue atashindana chini ya kitabu gani, akisome chote, na akipeleke gerejini. Anayefikiria kusafirisha gari kwenda kwenye njia za dragi za Bahrain, Doha au Yas Marina huko Abu Dhabi aulize waandaaji kwa maandishi ni kanuni za nani zinazotumika msimu huo.

Katika kukunja, FIA imeandika vizuri na nashauri mtu wa dragi pia afuate. Bomba likunjwe likiwa baridi, nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Bomba likibonyea kwenye kona, kipenyo chake kifupi kisiwe chini ya asilimia 90 ya kile kirefu. Kulijaza bomba mchanga na kulipasha moto ili likunjike ni ufundi wa zamani wenye heshima yake kwenye mageti na vitanda. Hauna nafasi hapa.

Halafu kuchomelea. Kama makala hii ingekuwa na nafasi ya jambo moja tu, ningelitaja hili, kwa kuwa ni nadra bomba lililochaguliwa vizuri kukatika katikati. Hukatika pembeni mwa weldi. Chuma laini husamehe: kanuni huruhusu kichomelewe kwa mashine ya MIG inayosukuma waya, au kwa TIG. Kromoli inakubaliwa kwa TIG tu. Sababu iko ndani ya ile kaboni na kromi. Chuma hicho kikipashwa moto mkali kisha kikapoa haraka, ukanda mwembamba kando ya weldi hugeuka kuwa mgumu na mkavu, kama kisu ambacho mhunzi amekichovya majini bila kukirudishia moto: kina makali, lakini kikianguka kwenye jiwe hupasuka. Moto wa TIG huenda taratibu, fundi anauona na kuuongoza, na bomba lina muda wa kupoa lenyewe. Kulimwagia maji, kulipuliza kwa kompresa au hata kuacha mlango wazi upepo ukivuma juu ya weldi ya moto ni kuirudisha hatari ileile. Waya wa kujazia nao huchaguliwa uwe laini kuliko bomba, ili kiungo kikilemewa kinyooke kidogo kabla ya kuachia.

Hivyo swali la "kromoli au chuma laini" kwangu si swali la chuma. Ni swali la mkono. Gereji ikiwa na fundi mmoja hodari wa TIG, mwenye mtungi wa agoni usio na mchanganyiko na subira ya kusafisha kila ncha hadi ing'ae, basi kromoli inawezekana. Ikiwa fundi wako bora amefanya MIG maisha yake yote na weldi zake ni safi, mpe chuma laini cha ukuta mnene. Kizimba kizito kilichoungwa vizuri kitamtoa dereva akiwa hai pale ambapo kizimba chepesi chenye viungo vikavu kitafunguka. Bado naona watu wenye uwezo wakinunua bomba la bei kubwa kisha wakatafuta fundi wa bei rahisi, na sijaelewa mantiki yake.

Dalili za kazi nzuri zinaonekana kwa macho. Ncha ya bomba imekatwa kwa mviringo unaolikumbatia bomba jingine bila upenyo wa kujazwa kwa weldi. Weldi imezunguka kiungo chote, hata upande wa juu unaogusana na paa, ambako mkono haufiki. Mafundi wazuri hutoboa matundu sakafuni, wakakishusha kizimba chini, wakachomelea viungo vya juu, kisha wakakiinua na kuziba matundu kwa mabamba. Mafundi wavivu huacha robo ya juu bila weldi na kuomba mkaguzi asipeleke kioo huko. Kusaga weldi ili ing'ae kumekatazwa, kwa kuwa jiwe la kusagia huondoa chuma kilichobeba kiungo. Na rangi ingoje. Kizimba kikaguliwe kikiwa kitupu, maana rangi nzito hufunika nyufa na vitundu kwa usawa uleule.

Miguu ya kizimba husahaulika. Magari mengi ya leo hayana fremu nzito chini. Bodi ndiyo fremu, na sakafu yake ni bati jembamba. Bomba lenye ukuta wa milimita 3 likisimamishwa juu ya bati hilo bila matayarisho, siku ya kupinduka litalitoboa na kushuka chini, na dereva atashuka na paa. Kanuni hutaka bamba la chuma la inchi 6 kwa 6, lenye unene wa inchi 1/8, chini ya kila mguu. Mguu ukifungwa kwa bolti, bamba la pili huwekwa upande wa chini wa sakafu, bati likabanwa katikati kwa bolti zisizopungua nne za inchi 3/8. Gari likiwa limeliwa na kutu, mabamba hayo yanabana hewa. Kutu ishughulikiwe kwanza.

Vipimo vinavyomhusu mtu mwenyewe hupimwa akiwa amekaa kitini, amefunga mkanda na kuvaa helmeti. Tao liwe juu ya helmeti kwa inchi 3 au zaidi, yaani milimita 76, na lisiwe mbali zaidi ya inchi 6 kutoka kichwani. Bomba la ubavuni lipite kati ya bega na kiwiko. Maana yake ni kwamba kizimba kina mwenyewe. Ukimwazima gari rafiki yako mrefu, kizimba kilichokuwa halali kwako kinaweza kuwa si halali kwake, na mkanda wa mabega unaozungushwa kwenye bomba la nyuma ya kiti hautakuwa kwenye kimo chake.

Palipo na bomba karibu na kichwa lazima pawe na kinga, na hapa historia inauma. Machi 19, 2007, Eric Medlen, mwenye umri wa miaka 33, alikuwa akifanya majaribio ya gari lake la daraja la Funny Car huko Gainesville, Florida. Magurudumu ya nyuma yalianza kutikisika kwa nguvu isiyo ya kawaida, na mtikisiko huo ukakirusha kichwa chake huku na huku ndani ya kizimba. Alifariki dunia siku nne baadaye. Timu ya dereva mwenzake John Force, ambayo Medlen alikuwa akiiendeshea, ilirudi kwenye karatasi za michoro pamoja na wahandisi wa Ford: kizimba kikapanuliwa kukizunguka kichwa, kinga ikawa nene zaidi. Septemba mwaka huohuo Force mwenyewe alipata ajali kubwa Ennis, Texas, gari lake likakatika. Aliumia vibaya mikono na miguu lakini alibaki hai, akarudi mashindanoni mwaka 2008, na mwaka 2010 akatwaa ubingwa akiwa na miaka 61.

Kinga inayofaa si sponji ya kiti cha sofa. Kiwango cha SFI chenye namba 45.1 kinahusu kinga ya mabomba, nayo ni ngumu kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole unaweza kudhani haifai. Ugumu huo umekusudiwa, kwa sababu sponji laini hujikunja mara moja na helmeti ikafika kwenye chuma ikiwa na karibu kasi yote iliyokuja nayo.

Kwa sababu hiyohiyo napinga desturi ya kuweka kizimba kamili kwenye gari linaloendeshwa mjini kila siku ili lionekane la mashindano. Mjini hakuna anayevaa helmeti. Mkanda wa kawaida wa gari humwacha mtu ayumbe, na hapo bomba lililo sentimita chache kutoka kwenye paji la uso hugeuka nyundo. Ajali ndogo ya kilomita 40 kwa saa, ambayo gari la kiwandani lingemwacha dereva na mchubuko, inaweza kumuua ndani ya kizimba kizuri kabisa. Abiria wa kiti cha nyuma yuko katika hatari hiyohiyo, kichwa chake kikiwa karibu na mihimili ya nyuma. Mwenye gari la matumizi mawili atosheke na tao, alivike kinga, aondoe kiti cha nyuma, na asipunguze muda wake chini ya kile ambacho tao linaruhusu.

Kizimba kikifanya kazi yake huonekana hivi. Machi 2015, kulekule Gainesville, gari la Larry Dixon la daraja la Top Fuel lilikatika vipande viwili likiwa katika kasi kubwa, sehemu aliyokaa ikapaa hewani na kuanguka. Mabomba ya mbele yalitawanyika. Yale yaliyomzunguka yeye yalibaki na umbo lake, na akatoka bila jeraha kubwa. Tofauti na hapo, Juni 2024 huko Virginia, injini ya John Force ililipuka mwisho wa mbio, gari likagonga ukuta, na ingawa alitolewa akiwa hai, akiwa na umri wa miaka 75, ubongo ulikuwa umeumia sana na ilimlazimu kukaa hospitalini kwa wiki kadhaa. Chuma humpa dereva nafasi ya kuishi. Kukipunguzia kichwa mshtuko ni kazi ya mkanda, kiti, kizuizi cha shingo na kinga, na hivyo vyote hudai bajeti yao kabla ya turbo mpya.

Anayenunua gari ambalo tayari lina kizimba, soko ambalo linakua, aanze kwa kuondoa kinga zote na kutazama mabomba yakiwa wazi. Aombe picha za ujenzi kabla ya rangi. Atafute mikunjo midogo, rangi iliyopasuka kandokando ya weldi, na bamba lililoinuka sakafuni. Bomba lililopinda katika ajali halinyooshwi. Hukatwa lote hadi kwenye kiungo na kuwekwa jipya, kisha mkaguzi aitwe upya, kwa kuwa stika ya zamani ilithibitisha kizimba kilichokuwapo kabla ya ajali. Na mikanda iliyofungwa humo itazamwe tarehe yake: ile ya kiwango cha SFI 16.1 huisha muda wake baada ya miaka miwili, hata kama gari lilikaa bandani muda wote chini ya turubai.